Mstari Unaopanda Tukitoka

Nyumbani wananiita Kiberiti, na siwalaumu. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na kazi hiyo inataka mtu mpole. Mimi si mpole. Nimewahi kuifokea printa mbele ya mteja mpaka mteja akaiombea msamaha.

Siku ambayo Kaka alikuwa anakuja kumchukua Mama, Dada alinipigia simu asubuhi. Nilidhani anataka tulie pamoja. Kumbe ni kompyuta.

"Imeganda tena," akasema. "Njoo mapema, kabla Kaka hajafika."

"Dada, leo Mama anaondoka, wewe unaniletea habari za kompyuta?"

Akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili. "Inaganda nikiwa sipo, Kiberiti. Nikikaa mbele yake haigandi. Nikitoka tu. Nimechoka kuogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Nikachukua begi langu la vifaa nikaenda.

Mama alipata kiharusi kabla ya mvua. Upande wa kulia ukalala, na sauti ikaondoka. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi, na sisi tukaishika ile ya pili. Huyu ni mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, mwenye sauti ya kumsimamisha mtoto aliye ng'ambo ya uwanja. Sasa alikuwa analala chali anatazama dari. Dada ndiye anayeishi naye. Anafundisha watoto kusoma kupitia mtandao, na meza yake ya kazi ameiweka chumbani kwa Mama, ubavuni mwa kitanda, ili afundishe huku jicho moja liko kwa mgonjwa.

Kaka anaishi mji mwingine. Ana cheo, na ana sauti ya cheo. Alikuwa ameshapata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwake. "Mama hajui hata yuko wapi," aliniambia. "Kwake huku na kule ni mamoja." Nilimkatia simu. Halafu nikampigia tena ili nimkatie vizuri.

Kilichoniuma zaidi ni Dada. Miezi yote hiyo alikuwa amekataa katakata Mama aondolewe nyumbani, mara ghafla akakubali, bila kunieleza sababu.

Nilipofika, begi la nguo za Mama lilikuwa limeshafungwa, limesimamishwa kando ya mlango. Nikalipita kama sikuliona, nikaenda moja kwa moja chumbani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba," akajibu Dada nyuma yangu.

Ndivyo tulivyozoea. Tangu Mama anyamaze, salamu iliyobaki hewani ilikuwa inatuchoma, basi Dada akaanza kuipokea kwa niaba yake, upesi, kabla kimya hakijaingia. Nami nikiwa zamu nilifanya vilevile. Hata kwa Kaka: unamwekea Mama simu sikioni, Kaka anasema shikamoo, wewe unasema marahaba, shughuli imekwisha. Mama alinitazama kidogo, macho yakarudi darini.

Nikageukia kompyuta. Ilikuwa imeganda kweli, kipanya hakisogei, saa ya pembeni imesimama wakati Dada alipokuwa sokoni. Programu ya masomo ilikuwa wazi, na picha ya kamera imebaki kwenye kioo: kiti kitupu cha Dada, na nyuma yake kitanda. Mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa hewani. Kidole kimoja kimenyooka, kama anamwonyesha mtu aliyesimama mlangoni.

"Umeona?" Dada akaninong'oneza. "Nikiwepo mkono huo haunyanyui hata kijiko. Sasa hapo anamwonyesha nani?"

"Acha mambo ya kitoto," nikamwambia. Lakini niligeuka nikautazama mlango, na nikajichukia kwa kugeuka.

Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha. Nikaanza na vya kawaida: vumbi, joto, diski, virusi. Hamna kitu. Mashine ilikuwa nzima kuliko mimi. Nikaenda kwenye memori. Memori ya kompyuta ni kama meza ya kazi. Kila programu inaazima nafasi pale mezani, ikimaliza inaondoa vitu vyake. Ikitokea moja inaazima tu wala hairudishi, meza inajaa, na ikijaa kila kitu kinasimama pale pale kilipo. Nikajumlisha nafasi zilizochukuliwa na programu zote ninazoziona. Hesabu haikutimia. Kulikuwa na sehemu inaliwa, na mlaji hayumo kwenye orodha.

Huyo namjua anakokaa. Chini kabisa, kwenye madraiva, vile viprogramu vinavyoiwezesha kompyuta kuelewana na vifaa vyake. Huko kila draiva huacha alama yake kwenye kila kipande ilichochukua. Nikafungua chombo cha kusomea alama hizo, nikafuata ile yenye vipande vingi, ikanipeleka kwenye maiki.

"Maiki hii umeitoa wapi?"

"Nimeinunua. Inasafisha sauti, watoto wananisikia vizuri."

Ilikuwa maiki fupi nyeusi, imesimama mezani, imeelekezwa kitini na kitandani. Nikaweka kwenye kioo mstari unaoonyesha memori inayochukuliwa na draiva yake, nikakaa kuutazama. Mstari umelala. Nikapiga makofi, umelala. Nikagonga meza, nikaiongeza feni kasi, umelala tu. Hasira zikanipanda.

"Mpumbavu wewe! Utanimalizia siku!"

Mstari ukapanda ngazi moja, ukabaki huko huko juu.

Hapo ndipo nilipoikamata. Draiva ile ilikuwa inaamka ikisikia sauti ya mtu, na sauti ya mtu tu. Inachukua kipande cha memori ili iisafishe sauti, na ikishamaliza, kile kipande hakirudi tena. Nikasema "moja, mbili, tatu" ili nihakikishe. Ngazi, ngazi, ngazi. Nikaitukana zaidi kwa furaha.

"Ni ugonjwa wa kawaida," nikamwambia Dada huku nimeshika kiuno. "Unafundisha, inajaza. Ikijaa, inaganda. Nikiweka draiva mpya, kwisha habari."

Dada hakufurahi. "Nikimaliza kipindi huwa naizima na kuiwasha upya. Fundi niliyemwita kabla yako ndiye aliyenishauri. Inaanza upya kabisa. Halafu naiacha wazi kwa ajili ya kipindi cha pili, naenda sokoni au naenda kufua. Nikirudi ndipo naikuta imeganda."

Nikapiga hesabu upya. Ili meza ile ya memori ijae kuanzia tupu, lazima mtu aongee, na aongee sana, kuliko kipindi kizima cha Dada.

"Ukitoka nani anabaki humu?"

"Mama."

"Na nani mwingine?"

"Kiberiti, hakuna mwingine. Redio hakuna. Simu natoka nayo. Mlango wa nje naufunga." Alikuwa anakunjakunja upindo wa gauni lake. "Juzi nilisahau pochi, nikarudi. Nikasikia mtu anaongea humu ndani. Si sauti ninayoijua. Nilipoingia, kimya. Mama anatazama dari. Ndiyo maana nimemkubalia Kaka. Siwezi kumwacha Mama peke yake na kitu kinachongoja nitoke."

Hapo nikaelewa kwa nini lile begi lilikuwa mlangoni. Nilitaka kumcheka, kicheko hakikuja.

Nikasema labda ni sauti ya nje. Nikatoka nikasimama chini ya dirisha nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kama mwehu, mpaka jirani akatoka kuuliza kama tumeibiwa. Nikamwambia najaribu kompyuta. Akarudi ndani taratibu, akafunga mlango kwa komeo. Nilipomuuliza Dada, akasema mstari haukusogea hata kidogo. Maiki ile ilikuwa haisikii mbali. Kinachoongea kilikuwa karibu na meza.

Basi nikaiunganisha ile kompyuta na laptopu yangu kupitia mtandao wa nyumbani, ili niuone mstari nikiwa sebuleni. Tukatoka. Nikamwambia Mama kwa sauti, "Mama, tunaenda kunywa chai," nikaufunga mlango wa chumba. Tukakaa sebuleni, laptopu juu ya meza ndogo, vikombe viwili ambavyo hakuna aliyevigusa.

Mstari ulikuwa umelala.

"Unaona?" nikasema. "Hakuna cho…"

Ukapanda.

Dada akanishika mkono. Ukapanda tena. Ukatulia, kama unapumua. Ukapanda mara tatu, ukatulia. Mimi na yeye tulikuwa hapo, midomo imefungwa, na chumbani kwa Mama kuna mtu anaongea. Niliogopa. Sitaki kujifanya jasiri. Nikavua viatu, nikanyata ukumbini, nikaweka sikio mlangoni. Nilisikia feni tu. Nyuma yangu Dada akanong'ona akiwa mbele ya laptopu, "Umesimama." Nikarudi kwa kunyata. Sijakalia kiti vizuri, mstari ukaanza tena.

Tulirudia mara nyingine. Nikisogea, unasimama. Nikiondoka, unapanda. Kilikuwa kinasikia ubao wa sakafu ya ukumbini ukilia chini ya mguu wangu.

Nikatoa hedifoni begini, nikazichomeka kwenye laptopu ili nisikie kile maiki inachosikia.

"Usisikilize," Dada akasema. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Tafadhali. Kaka yuko njiani, tumpe Mama aondoke salama, basi. Vingine tusivijue."

"Halafu niwe nalala vipi?" nikamjibu. Nikavaa.

Mwanzoni ni feni. Kisha kitanda kikalia. Kisha pumzi, nzito, ya mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo. Halafu ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu, nyembamba, yenye mikwaruzo, kama kitu kinachoburutwa sakafuni.

"Ma."

Kimya.

"Ma. La. Mmm." Ikakasirika. Sauti ile ilikasirika, nikaisikia inagonga godoro. "Ma. Ma. Ra."

Nilidhani inamwita Mama. Nilikaribia kabisa kuinuka nikauvunje ule mlango. Lakini ikaanza upya, na safari hii nikasikia kile kipigo kidogo kinachofuata kila silabi, tap, kidole juu ya shuka, na kipigo kile nilikuwa nakijua. Nimekaa dawati la mbele nikakitazama mwaka mzima. Ndivyo Mama alivyowafundisha darasa la kwanza kusoma: mkono juu, kidole kimenyooka, kila silabi kinashuka mara moja.

"Ma," tap. "Ra," tap. "Ha." Hapo ikakwama. Ikarudi mwanzo.

"Ni nini?" Dada akaniuliza. "Kiberiti, ni nini hicho, mbona unalia?"

Sikuwa najua kwamba nalia. "Ni Mama," nikasema. "Anajifunza kusema marahaba."

Dada alinyanyuka kwenda chumbani mbio, nikamvuta gauni karibu lichanike. "Kaa chini! Ukiingia atanyamaza. Umemsahau Mama? Umesahau tulivyokuwa tunasimama nyuma ya mlango?" Hakuwa amesahau. Mama alikuwa hataki kusikia kitu nusunusu. Ukienda kwake na somo hujalishika, anakuambia kalipange kwanza nyuma ya mlango, ukiwa tayari ndiyo uje. Kaka aliwahi kukaa nyuma ya mlango ule mpaka chakula kikapoa. Sasa Mama mwenyewe yuko nyuma ya mlango, na sisi kila akikaribia kulitamka lile neno, tunamwahi. Anavuta pumzi, sisi tumeshajibu.

Dada akajifunika uso. "Mimi ndiye nilianza kumjibia," akasema kwenye viganja. "Mimi."

"Wote tulijibu. Usinianzie."

Hedifoni zilikuwa bado masikioni. Mama alilimaliza neno, vibaya, lakini alilimaliza. Akapumzika. Kisha akaanza jingine, lenye mwanzo tofauti. Nikazivua haraka. Niliona haya. Mtu akiwa nyuma ya mlango anapanga somo lake, humsikilizi.

Honi ikalia nje.

"Akisema shikamoo, usijibu," nikamwambia Dada.

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Funga mdomo."

Kaka aliingia na funguo za gari mkononi. Tukamwamkia, akaitikia, akatazama saa yake, akalitazama begi. "Limeshafungwa? Vizuri. Tusichelewe, barabara ni ndefu." Nilikuwa na maneno ya kumjaza masikio yote mawili. Yalifika mpaka kwenye meno. Nilitaka kumwambia kila kitu, na laptopu nimpige nayo. Lakini nikimwambia, nitakuwa nimemsemea Mama tena. Nikameza. Kati ya kazi zote za siku ile, hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.

Tukaingia chumbani watatu. Mama alikuwa anatazama dari, mkono wa kushoto juu ya shuka. Mezani mstari ulikuwa wazi kwenye kioo, umelala pale ulipofikia.

"Shikamoo Mama," akasema Kaka, na papo hapo akainama kuokota ndala za Mama chini ya kitanda.

Hakuna aliyejibu.

Akainua kichwa. Akanitazama mimi, akamtazama Dada, anangoja kile kinachokuja kila siku kutoka upande wetu. "Vipi? Mmegombana?"

Nikamwinulia kiganja anyamaze. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza Kaka kunyamazishwa na mimi, akatii kwa mshangao tu. Feni ikazunguka. Kimya kikakaa, kikanenepa, kile kile tulichokikimbia miezi yote. Dada alikuwa ameuma kidole. Nilitamani kusema chochote, hata upuuzi, ili kiishe. Hofu ya awali ikanirudia yote. Je, kama nimesikia vibaya? Je, kama aliyekuwa anaongea siye?

Mkono wa Mama ukapanda.

Ulipanda ukitetemeka, kidole kimoja kikanyooka, ukasimama hewani kama ulivyokuwa kwenye ile picha iliyoganda. Kaka akarudi nyuma hatua moja, ndala zikamtoka. Macho ya Mama yalishuka kutoka darini, yakamtafuta, yakamshika.

"Ma," likatoka lile jikwaruzo, na kidole kikashuka.

Kwenye kioo mstari ukapanda ngazi.

"Ra."

"Yesu wangu," akasema Kaka.

"Shhh!"

"Ha." Hapo alipokuwa anakwama. Uso ukamkunjamana, mshipa ukamsimama shingoni. Dada alifumbua mdomo ammalizie, nikamfinya paja kwa kucha mpaka akaufunga. Tukangoja. Tukangoja sana.

"Ba."

Kaka, na cheo chake, akapiga goti kando ya kitanda, akaanza kusema Mama, Mama, oh Mama. Lakini mkono haukushuka. Kidole kilikuwa bado kimenyooka, na mimi nikaelewa kwamba salamu ilikuwa mwanzo tu wa somo. Lile neno la pili nililolivulia hedifoni lilikuwa bado.

Mama akavuta pumzi, ndefu. Macho yake yakatoka usoni kwa Kaka, yakapita juu ya bega lake, yakaenda mpaka kule nje ya mlango lilikosimama begi.

"Si," akasema, kidole kikashuka.

"E."

Mstari ukapanda, ukapanda tena.

"Ndi."

Mkono ukaanguka juu ya shuka. Alikuwa amelowa jasho. Alitutazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akilitazama darasa akishauliza swali.

Kaka alikuwa amesikia. Sote tulisikia, hata kompyuta ilisikia. Lakini alitugeukia sisi, mimi na Dada, kama ilivyo kawaida yetu, mdomo wazi.

"Amesema nini?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.